Karatasi ya Mwaka Ujao

Tulimwacha Lenah langoni, sanduku mkono wa kushoto, mkono wa kulia juu ya kufuli ambalo jana halikuwapo.

Alilivuta. Likakataa.

"Usijiumize vidole bure, mwanangu," sauti ikasema nyuma yake. "Ufunguo ninao mimi."

Hakuhitaji kugeuka. Alikuwa Peninah, mama mkwe wake. Ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, anachambua maharagwe, kana kwamba kumfungia mke wa mwanawe ni kazi ya kila asubuhi.

"Mama, nifungulie. Basi la Meru linatoka Embu saa nne."

"Litoke."

"Jumatatu nisipofika chuoni, nafasi yangu anapewa mtu mwingine."

"Apewe."

"Mama!"

"Huyo mwingine na awe nesi. Wewe uwe hai."

Msomaji, ikiwa gazeti la Ijumaa iliyopita lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, nipe dakika moja tu. Lenah ni binti wa Mzee Mithika wa Mikinduri, kule Tigania. Mwezi wa Aprili mwaka huu wa 1993 aliolewa Kibugu, huku Embu, na Ireri, karani wa kituo cha kununulia majani chai. Kabla ya ndoa alikuwa ameomba nafasi ya kusomea uuguzi Meru. Ireri alisimama mbele ya wazee wa Mikinduri akaapa kwamba barua ikija, mke wake ataenda. Barua ikaja Krismasi.

Lakini siku iliyofuata, Jumapili, katika Kanisa la Sauti ya Mlimani, ikasomwa Karatasi ya Mwaka. Kila mwaka ukiisha, nabii wa kanisa hilo, bibi kizee aitwaye Cucu Igoki, huipa kila nyumba neno moja juu ya mwaka unaokuja. Nyumba ya Ireri ilipewa neno hili: "Mke atavuka daraja, na hatarudi akiwa hai."

Na kutoka upande ule wa mto, kwenda Embu mjini, kwenda Meru, kwenda popote, daraja ni moja.

Basi tuendelee.

"Unadhani nafurahia?" Peninah aliuliza. Alikuwa ameacha maharagwe. "Jirani yetu Salesio aliambiwa kwenye Karatasi ajihadhari na mti. Akacheka. Mwezi wa sita mkaratusi ukamwangukia, tukamzika. Na mto huu mimi naujua. Ulimchukua dada yangu Mukami wakati daraja lilikuwa magogo mawili. Nilimshika kitambaa cha kichwa. Nikabaki na kitambaa."

Mtu akikufunga kwa chuki, unajua pa kumpiga. Huyu alikuwa amemfunga kwa machozi.

Akatazama ua wa miiba. Haukuwa mrefu sana.

"Hata ukiruka," Peninah akasema bila kuinua macho, "wanaume wawili wa kanisa wako kwa daraja tangu juzi. Mzee mkuu wetu, Kathuri, aliwaweka. Wanakujua kwa sura na kwa sanduku."

Saa nne ikapita. Lenah alikuwa jikoni akipuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

Matumaini yake yote sasa yalikuwa kwa Ireri.

* * *

Ireri aliingia saa sita, vumbi la majani chai limemganda mikononi. Lenah alimkimbilia.

"Mwambie mama afungue! Wewe ni mwanawe, atakusikia. Kuna magari ya jioni. Nikilala Embu kwa binamu yangu, kesho nitafika."

Ireri alivua kofia. Akaikunja. Akaikunjua.

"Lenah, kwani ni lazima iwe mwaka ujao?"

"Nini?"

"Tuwaandikie. Tuwaambie umeugua. Mwaka wa tisini na tano utaomba tena, hili neno likiwa limepita."

"Niliomba mara tatu, Ireri. Mara ya tatu ndiyo hii. Uliapa mbele ya baba yangu."

"Niliapa kabla ya neno."

"Wewe unaliamini?"

Alimshika mkono. "Mimi naamini kwamba nikikukosa nitaharibika. Wewe hujui ninavyoumia. Tangu Jamhuri sijalala usiku mmoja vizuri. Nafumba macho nakuona umevaa hizo nguo nyeupe, katikati ya madaktari, na jina langu umelisahau."

Lenah aliutoa mkono wake polepole.

"Tangu lini?"

"Nimesema..."

"Umesema tangu Jamhuri. Jamhuri ilikuwa tarehe kumi na mbili. Mimi barua nimeipata Krismasi. Kutoka kwa mkono wako, Ireri. Ukaniambia imefika siku hiyohiyo."

Kuku akaingia, akatoka.

"Ilikaa tu mezani kituoni," Ireri akasema mwishowe. "Nilitaka... nilitaka tuwe na Krismasi nzuri."

"Ulikaa nayo wiki mbili."

"Lenah."

"Na ndani ya hizo wiki mbili Karatasi ya Mwaka ikaandikwa."

Ireri alivaa kofia yake. Mlangoni alisimama kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaenda zake, na Lenah akasikia lango likifunguliwa na kufungwa tena.

Aliyekuwa akimngoja amwokoe ndiye huyo ametoka, na lango limefungwa nyuma yake.

* * *

Saa saba Peninah alikwenda kuoga na kujiandaa kwa ibada ya kufunga mwaka. Hakumwacha Lenah peke yake. Alimwita binti yake wa mwisho, Njoki, amlinde wifi yake.

Njoki ana miaka kumi na tisa. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana, na kwa sababu mwandiko wake ni mzuri, kanisa lilimfanya karani. Karatasi ya Mwaka huandikwa kwa mkono wake.

Aliingia na sahani ya githeri, akaiweka, akaketi mbali. Hakumwangalia Lenah usoni.

Lenah alikula vijiko viwili. Kisha akasema, "Njoki, Cucu alipolisema neno langu, alikuwa ameketi au amelala?"

"Kwa nini?"

"Nataka kujua tu. Ni neno la kifo changu. Sina haki ya kujua lilivyosemwa?"

"Alikuwa amelala."

"Alisema kwa Kiembu au kwa Kiswahili?"

"Kwa... kwa Kiembu."

"Alisemaje?"

Njoki alifungua mdomo. Halafu uso wake ukaanguka kama ukuta wa udongo wakati wa mvua.

"Usiniulize, wifi."

"Nakuuliza."

"Cucu hajasema neno tangu mwezi wa nane!" Njoki alijiziba mdomo, lakini lilikuwa limeshatoka. Akaendelea kwa kunong'ona, haraka haraka. "Aliamka siku moja upande wa kulia umekufa. Mkono, mguu, mdomo. Kathuri akasema kanisa lisijue. Akasema Cucu yuko katika mfungo. Anayeingia ni yeye na mke wake, na mimi siku ya kuandika."

"Sasa maneno ya nyumba zote sitini?"

"Kathuri anasema, mimi naandika."

Kathuri, msomaji, ni mwana wa Cucu Igoki na mzee mkuu wa kanisa. Watu husema hakuna mtoto anayempenda mamake kama yeye.

"Na langu?" Lenah aliuliza.

Njoki alilia sasa wazi. "Ireri alikwenda kwake. Niliwasikia. Alisema, 'Mzee, nifanyie kitu chochote asiende, lakini asijue ni mimi.' Hakuomba neno la kifo, wifi, haki ya Mungu hakuomba! Kathuri ndiye alichagua. Alisema neno dogo watu hawalitii."

"Ukaandika."

"Nilikataa! Nilisema huyu ni mke wa ndugu yangu. Akachukua karatasi nyingine, nyeupe, akaiweka mbele yangu, akaniambia, 'Basi andika juu, Nyumba ya Njoki. Nitakupa neno lako mwenyewe.'"

Lenah alimkumbuka Beth, yule mjane wa kule juu karibu na msitu. Mwezi wa tisa lilitoka neno kwamba nyumbani kwake kuna kitu cheusi. Tangu siku hiyo hakuna anayempa Beth mkono, hakuna anayenunua mayai yake, na mabinti zake wawili wamerudishwa na wachumba.

"Utasema mbele ya watu?" Lenah aliuliza.

"Siwezi. Niue, lakini siwezi."

Hasira ya Lenah ilitafuta mahali pa kukaa ikakosa. Msichana huyu hakufungwa kwa kufuli, lakini alikuwa amefungwa kuliko yeye. Akamfuta machozi kwa upindo wa leso.

"Nyamaza. Mama asikukute hivi."

Alikuwa na saa moja. Kumwambia Peninah sasa hivi? Neno la mgeni kutoka Mikinduri dhidi ya mwanawe wa kumzaa na nabii wake? Hapana. Peninah angepaswa kuona kwa macho yake.

Peninah aliporudi amevaa gauni lake la kijani, Lenah alikuwa amepiga magoti.

"Mama, neno la nabii likishatoka, laweza kurudishwa?"

Peninah alisimama. "Kwa maombi, ndiyo. Hezekia aliambiwa atakufa. Akaomba, akaongezewa miaka kumi na mitano."

"Basi nataka Cucu aniwekee mikono. Yeye mwenyewe, Mama. Si Kathuri."

Uso wa mama yule ulifunguka kama mlima ukiondokewa na ukungu. "Mwanangu! Kwani mimi sikuliwaza hilo kwa nini?"

Alimwinua, akamkumbatia. Lenah alihisi haya. Alikuwa amemwambia mama huyu kweli tupu, na bado ilikuwa na ladha ya uongo.

* * *

Saa tisa kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje. Mzee Kathuri alisimama mbele, suti nyeusi, sauti laini kama siagi.

"Mwaka wa tisini na nne uko mlangoni," alisema. "Mmesikia maneno yenu. Heri anayesikia na kutii."

"Amina!"

"Mwenye ushuhuda?"

Peninah alisimama. Watu wakatulia, maana Peninah ndiye mama wa akina mama wa kanisa hilo, na akisimama hasimami bure.

"Mimi sina ushuhuda, nina ombi. Nyumba yangu imepewa neno gumu. Nimemleta mke wa mwanangu awekewe mikono na Cucu."

Kathuri alitabasamu. "Mama Ireri, nabii yuko katika mfungo."

"Mfungo wa chakula au wa mikono?"

Kuna mtu alicheka nyuma, akakohoa kuficha.

"Neno limeshatoka, mama."

"Hata la Hezekia lilikuwa limetoka."

Ireri alikuwa amefika kwa haraka kando ya mama yake. "Mama, wacha. Tutaomba nyumbani."

Peninah alimtazama juu mpaka chini. "Unakataa mke wako aombewe? Wewe?"

Shati la Ireri lilikuwa limelowa mgongoni.

Peninah akaanza wimbo. Hakuwa na sauti nzuri, alikuwa na sauti kubwa. Akina mama wakaudaka, wakainuka safu kwa safu, na kabla Kathuri hajateremka kutoka jukwaani, wanawake arobaini walikuwa wametoka kwa mlango wa upande, wameizunguka nyumba ndogo ya mbao iliyo nyuma ya kanisa.

Dirisha lilikuwa limepigiliwa ubao. Mlango ulikuwa na komeo la chuma. Kwa nje.

Wimbo ulififia wenyewe.

"Mtu wa mfungo anafungiwa kwa nje?" mama mmoja aliuliza kwa sauti ya chini.

Peninah hakungoja jibu. Alilivuta komeo, akamshika Lenah mkono, wakaingia wawili.

Harufu iliwapokea kwanza. Kisha macho yakazoea giza. Kitandani palikuwa na kitu kidogo chini ya blanketi, kidogo kama mtoto, na macho mawili yanayowaka.

"Cucu," Peninah alipiga magoti. "Tumekuja kwako. Mke wa mwanangu..."

Kutoka kitandani ilitoka sauti, si neno. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja.

"Anasema nini?" Peninah aliuliza.

Lenah alikuwa ameona kikombe cha maji. Kilikuwa juu ya stuli, kimejaa, upande wa kulia, upande wa mkono uliokufa. Midomo ya Cucu ilikuwa imepasuka. Aliyekiweka hapo hakujali kama kitafika kinywani, au alijali sana kisifike.

Alimwinua kichwa, akamnywesha kidogo kidogo. Maji yalimwagika nusu. Mkono wa kushoto wa Cucu ukatoka chini ya blanketi, ukamshika Lenah kifundo cha mkono, ukakaza. Haukuwa mkono wa mtu anayekufa.

"Mama, hasemi. Hawezi kusema. Amepooza tangu mwezi wa nane."

"Wacha maneno. Jumapili alitoa..."

"Muulize mwenyewe. Anasikia. Cucu, lile neno la nyumba yetu, la daraja, lilitoka kwako?"

Kichwa kile kidogo kiligeuka kushoto. Kikageuka kulia. Polepole, ili mtu asikosee.

Peninah aliketi chini sakafuni, gauni la kijani na yote.

"Nani, basi?" alisema. "Nani alisema utakufa?"

Hapo mlango ukabamizwa. Komeo likalia.

"Ndugu zangu!" Ilikuwa sauti ya Kathuri, nje, na siagi yote ilikuwa imetoka ndani yake. "Yule mwanamke wa Mikinduri ameingia kwa nabii na roho chafu! Nabii alikuwa mzima asubuhi, sasa msikie anavyogugumia! Hakuna anayetoka humo mpaka mwaka ugeuke. Tutaomba!"

"Kathuri!" Peninah aliruka juu. "Mimi pia nimo humu!"

"Wewe ndiye uliyemfungulia, mama."

Akina mama wakaanza kupiga kelele, wengine fungua, wengine usifungue. Jiwe likagonga ubao wa dirisha. Mtu akataja petroli. Labda alisema kwa hasira tu. Lakini neno likishasemwa mbele ya watu mia tatu wenye hofu, hakuna ajuaye litaokotwa na nani.

Peninah alimgeukia Lenah. Gizani ulionekana weupe wa macho yake tu. "Nimekuuliza nani."

"Mama, tutoke kwanza."

"Mimi nilikufungia lango leo asubuhi. Nilidhani nakulinda. Nataka kujua nilikuwa naitii sauti ya nani."

Lenah alivuta pumzi. Mkono wa Cucu ulikuwa bado umemkaza.

"Barua yangu ilifika kabla ya Jamhuri. Aliyeificha ndiye aliyekwenda kwa Kathuri."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Barua zote za boma lile hupita kituo cha majani chai.

Peninah hakulia. Alitembea mpaka mlangoni, akaweka mdomo kwenye ufa wa mbao, akaita kwa sauti ambayo Lenah hakuwahi kuisikia, ya chini, ya mama anayemwita mtoto aliye karibu na kisima.

"Ireri. Mwana wangu. Njoo hapa."

Nyayo. Kisha kivuli kikaziba mwanga wa ufa. Lenah aliijua ile pumzi, alikuwa ameilalia miezi minane.

"Nipo, Mama."

"Fungua."

"Kathuri ameweka watu, Mama. Wako nyuma yangu."

"Fungua, kwanza watuone tukiwa hai."

Lenah alijitoa kwenye mkono wa Cucu kwa upole, kidole baada ya kidole, akasogea mlangoni. Kati yake na mumewe palikuwa na ubao mmoja.

"Ireri."

"Lenah." Sauti ilikuwa imevunjika. "Sikuomba neno la kifo. Nilitaka tu ubaki."

"Najua."

"Mkono wangu uko juu ya komeo. Niambie kitu kimoja, na nitafungua, wanifanye wanavyotaka. Nikifungua, ukavuka lile daraja, ukaenda Meru... utarudi kwangu?"

Nje jiwe la pili lilianguka juu ya bati. Peninah alimshika Lenah bega, akamnong'oneza, "Mwambie ndiyo. Mwambie tu ndiyo, tutoke."

Neno moja. Fupi. Lilikuwa tayari ulimini.

Lakini Lenah alikuwa amechoka na watu wanaosema mwaka ujao utakuwaje.

"Sijui, Ireri," alisema. "Fungua."

Halafu chuma kikasugua chuma. Komeo likasogea nusu.

Likasimama.

"Toa mkono hapo, kijana," akasema Kathuri, karibu kabisa.

Itaendelea Ijumaa ijayo.